Jibu: Je, kompaila husoma biti mbili mara mbili?

Mkuu, umeuliza kama katika lugha ya C `if (s.a && s.b)`, pale a na b kila moja ni ya biti moja (uliandika `int a : 1`) ndani ya strakti ileile (kundi la data chini ya jina moja), huzaa usomaji wa kumbukumbu mara mbili na miruko miwili. Kwa kawaida hapana, ukikompaili (kugeuza msimbo kuwa amri za mashine) kwa -O2, yaani chaguo la kuboresha kasi, kwenye kompaila za GCC au Clang.

Tuseme ziko biti 0 na 1 za baiti moja. Kompaila huisoma baiti hiyo mara moja, huifanyia AND na 3 (yaani hubakiza biti hizo mbili tu), kisha hulinganisha jibu na 3. Kwa `s.a && !s.b` hulinganisha na 1. Ukitumia `||` ("au") mambo ni mepesi zaidi: kwenye prosesa za x86 ni amri moja ya test na mruko mmoja, basi.

Sheria ya `&&` inakataza kugusa upande wa pili ikiwa ule wa kwanza ni sifuri, lakini baiti imeshasomwa, kwa hiyo programu haiwezi kuona tofauti. Ndiyo maana `p->a && q->b` haiunganishwi hivyo: huenda q ni NULL, yaani haielekezi popote. Volatile, neno linaloiambia kompaila ifanye kila usomaji kama ulivyoandikwa, nayo huzuia muungano huo.

Mimi kinachonitisha zaidi ni hiyo `int a : 1` uliyoandika. GCC huihesabu kuwa na alama (signed, yaani inaweza kuwa hasi), thamani zake ni 0 na -1, hivyo `s.a == 1` haiwi kweli kamwe, na ukiitumia kama sharti tawi lake lote linafutwa! Weka unsigned (isiyo na alama) kwanza, halafu kompaili kwa -S ujionee asembli yenyewe, yaani amri za mashine kwa maandishi.