Nililala hotelini, dakika ishirini kutoka kitandani kwangu

Wiki iliyopita mpwa wangu aliye Houston alinipigia simu, saa ambayo kwetu Lamu watu wako barazani wakingoja isha. "Shikamoo mjomba. Nimeletewa barua ya kadi ya hoteli. Ada dola 95 kwa mwaka, na kila mwaka wanakupa usiku mmoja wa bure. Nichukue?" Nikamwambia marahaba, ngoja nifike nyumbani nikupigie. Jambo hilo limenila pesa miaka minne, na sikutaka kulieleza mbele ya wazee.

Nusu ya mwaka niko Columbus, Ohio, nusu niko Langoni, mtaa wa hapa Lamu. Kadi hizi ni kadi za mkopo zenye jina la kampuni ya hoteli, na hutolewa na benki za Marekani kwa wakazi wa huko, kwa hiyo aliyeko Lamu siku zote hazimhusu. Lakini nyumba nyingi hapa zina mtoto au ndugu ng'ambo, na ndiyo maana naandika.

Kadi yangu ilikuwa ya kampuni nyingine ya hoteli, si ile ya mpwa wangu; jina silitaji kwa sababu kosa lilikuwa langu. Mwaka wa kwanza nilifurahi: ukitumia kiasi fulani katika miezi mitatu ya mwanzo, unapewa pointi nyingi kwa mkupuo, yaani alama za kulipia chumba badala ya pesa. Zawadi hiyo ya kukaribishwa ndiyo inayopofusha watu. Hairudi tena. Kadi ipimwe kwa mwaka wa pili, ada inapokuja na zawadi haipo.

Usiku wangu wa bure wa kwanza ulikufa. Unaishi miezi kumi na miwili tu, nami nilikuwa Lamu miezi sita kati ya hiyo, nikasahau. Wa pili niliukumbuka zikiwa zimebaki siku tisa. Sikuwa na safari yoyote. Nikamchukua mke wangu tukaenda kulala hotelini, dakika ishirini kutoka kitandani kwetu, tukalipia maegesho ya gari, tukala chakula cha jioni ambacho nyumbani tungekila kwa robo ya bei. Asubuhi mke wangu akaniuliza, "Sasa hapa tumeokoa nini?" Sikuwa na jibu.

Usiku wa tatu niliutumia Nairobi, na huo ndio ulionifundisha hesabu. Ndege za kuja Manda, uwanja wetu wa Lamu, huruka mchana. Anayetua Nairobi jioni akitoka ng'ambo hana budi kulala huko mpaka kesho. Karibu na uwanja wa Jomo Kenyatta ziko hoteli za makampuni haya: Four Points by Sheraton ambayo ni ya familia ya Marriott, Hilton Garden Inn, na Crowne Plaza ambayo iko chini ya kampuni ya IHG. Chumba nilichopata kwa usiku wa bure kiliandikwa dola 130. Nikajipongeza: nimelipa ada ya 95, nimepata cha 130.

Uongo. Usiku ule nisingelipa dola 130 hata kwa kulazimishwa. Miaka yote mimi hulala nyumba ya wageni mtaa wa Eastleigh, shilingi 5,000, karibu na binamu yangu. Hizo ni kama dola 39. Kwa hiyo nilitoa 95 kuokoa 39, tena kwa furaha. Bei iliyobandikwa mlangoni si kipimo chako. Kipimo ni pesa ambayo kweli ingetoka mfukoni mwako usiku ule kama kadi isingekuwapo.

Nilipompigia mpwa wangu nikamuuliza mambo mawili tu: mwaka jana ulilala hoteli gani, na ulilipa kiasi gani? Nilitaka risiti, sikutaka mipango. Akazitafuta kwenye simu. Kila Agosti anakuja na watoto wawili, Eastleigh haendi (anasema watoto wanachoka, mimi nadhani anakwepa maswali ya jamaa), analala karibu na uwanja, na alilipa dola 128 kwa fedha zake. Basi kwake usiku huo una thamani ya dola 128. Toa 95, inabaki 33. Si utajiri, lakini ni ya kweli.

Kisha tukasoma masharti. Barua yake ilikuwa ya kadi ya Marriott iitwayo Bonvoy Boundless. Usiku wake huja baada ya kutimiza mwaka, si siku ya kwanza, na unafaa kwa chumba kisichozidi pointi 35,000. Unaweza kuongezea pointi zako kiasi fulani chumba kikizidi hapo. Shida ni kwamba tangu 2022 Marriott haina jedwali la bei za pointi: chumba kile kile kinaweza kuwa 22,000 Mei na 40,000 Desemba. Kwa hiyo nikamwambia afungue programu ya simu, aweke tarehe zake za Agosti, aone mwenyewe kabla hajasaini kitu. Hyatt, kampuni nyingine ya hoteli, bado wana jedwali. Kadi yao nayo ni dola 95, na usiku wake ni wa hoteli zilizo daraja la 1 hadi la 4 kwenye jedwali hilo. Ada ya kadi ya Hilton iitwayo Surpass ilipanda kutoka dola 95 hadi 150 mwaka 2023, na usiku wa bure huupati mpaka utumie dola 15,000 kwa mwaka. Hiyo kwa mtu kama mimi ni ndoto. Inakupa daraja la uanachama la Gold lakini, na nje ya Marekani Gold hupata kifungua kinywa yeye na mwenzake wa chumba kimoja. Daraja la Silver linalokuja na kadi ya mpwa wangu, kwa maoni yangu, ni salamu ya mapokezi tu.

Na hoteli zenyewe huondoka. InterContinental ya Nairobi ilifungwa 2020. Lile jengo la mviringo la Hilton mjini, ambalo kila aliyepita Nairobi alielekezewa njia kwalo, lilifungwa mwisho wa 2022. Huku kwetu ndiyo hakuna kabisa. Lamu na Shela utalala kwenye nyumba za watu na hoteli za wenyewe, bei ni ya kuzungumza, masika inashuka, Desemba haishikiki. Pointi za Marriott hapa hazinunui hata kikombe cha kahawa, na sehemu nyingi hata kadi yenyewe hawaitaki, wanataka M-Pesa. Anayekuja nyumbani wiki tatu akalala Nairobi usiku mmoja, ajue kadi inahudumia usiku ule mmoja.

Mpwa wangu akauliza na la riba. Mimi si shekhe, aulize wenye elimu. Ninachojua cha duniani ni hiki: ada ni kitu kimoja, riba kingine, na riba ya kadi hizi mara nyingi inapita asilimia 20 kwa mwaka. Ukibakisha deni la dola 2,000 kwa asilimia 24, ni dola 40 kila mwezi. Miezi minne imeshakula usiku wako wa bure, na kifungua kinywa juu yake. Asiyeweza kulipa salio lote kila mwezi asiiguse, hata ada ingekuwa sifuri.

Akasema atachukua, mwaka mmoja, kisha ataangalia risiti tena ada ya pili ikiingia. Nikamkumbusha kwamba hata akiiacha, pointi zilizokwisha kuingia kwenye akaunti yake ya hoteli hubaki, ila kwa Marriott zikikaa miezi 24 bila kuguswa zinafutwa.

Yangu nimepiga simu Machi nikaomba kubadilishiwa ile isiyo na ada. Dakika kumi, wakanishawishi kidogo, wakakubali. Pointi zangu elfu ishirini na kitu bado zipo. Tarehe ya mwisho wake nimeiandika kwenye kalenda ya msikiti ukutani, kwenye ukurasa wa Shaaban, ambako mke wangu ataiona kabla yangu.