Delaware Wanakudai Dola 85,165? Usilipe Kwanza

Msomaji mmoja ameandika wiki hii akiwa na presha: kampuni yake ya Delaware haijauza kitu, na ankara ya kodi ya mwaka ya kampuni (franchise tax) inasema dola 85,165. Ndugu, tulia. Hiyo ni hesabu mbaya kati ya mbili ambazo sheria inakuruhusu kuchagua.

Delaware ni jimbo dogo la Marekani, la pili kutoka mkiani baada ya Rhode Island. Lina kaunti tatu tu: New Castle, Kent na Sussex, na hii ya kusini ndiyo ya mabanda ya kuku. Wakazi ni kama milioni moja, lakini kampuni zilizosajiliwa zimepita milioni mbili. Dukani hakuna kodi ya mauzo, kwa hiyo serikali ya jimbo, iliyoko mji mkuu wake Dover, huegemea sana ada za kampuni ambazo hazina hata meza kule. Wawekezaji wanachofuata ni Mahakama ya Chancery, mahakama ya jimbo inayosikiliza kesi za kampuni, iliyoanza 1792: jaji huamua peke yake, bila jopo la wananchi, na hukumu za nyuma ni nyingi mno kiasi kwamba mwanasheria hubashiri kesi mapema. Kama huna mwekezaji anayesisitiza usajili Delaware, sajili nyumbani. Wengi hufuata mkumbo tu.

Sasa ankara. Ukiidhinisha hisa 10,000,000 (yaani idadi ya juu ambayo kampuni inaruhusiwa kutoa), hesabu ya kwanza hutoza dola 250 kwa hisa 10,000 za mwanzo, kisha dola 85 kwa kila 10,000 zinazofuata. Ndiyo hiyo 85,165.

Hesabu ya pili hutazama mali. Tuseme umetoa hisa 8,000,000 na kampuni ina mali ya dola 20,000. Gawa mali kwa hisa zilizotolewa: 0.0025. Zidisha kwa hisa zote zilizoidhinishwa: 25,000. Kiasi hicho hupandishwa hadi milioni nzima, na kila milioni ni dola 400. Ongeza dola 50 za ripoti ya mwaka, unalipa 450. Kwenye fomu ya mtandaoni jaza mali na hisa zilizotolewa, kisha bonyeza kitufe cha kukokotoa upya. Ukiacha wazi, unabaki na ile ya kwanza.

Watu huteleza hapa: wanasahau hisa za waanzilishi. Andika 100,000 badala ya milioni nane, na kodi inaruka hadi dola 800. Mali nayo ni ya jumla, kabla ya kutoa madeni.

Mwisho ni Machi 1. Ukichelewa, faini ni dola 200 na riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi.

Wenye LLC, aina ya kampuni isiyo na hisa ambayo dhima ya wenyewe ina ukomo, hawana hesabu hizi. Ni dola 300 kufikia Juni 1. Ila mwenye LLC peke yake akiwa si raia wala mkazi wa Marekani anadaiwa pia na serikali kuu Fomu 5472, ya kuripoti miamala kati yake na kampuni, hata kama biashara haijaingiza senti, maana mtaji alioweka mwenyewe nao ni muamala wa kuripotiwa. Faini ya kutoipeleka huanzia dola 25,000.