Kabla ya Kupendekeza Suluhisho, Someni Mita

Nawaandikia ninyi wanafunzi mliopangiwa muhula huu kufanya kazi na kampuni juu ya changamoto ya uendelevu. Kazi hiyo niliipitia kwanza nikiwa mwanafunzi, na miaka kadhaa baadaye nikawa upande wa kampuni inayowapokea wanafunzi. Jambo ninalotaka mlishike mapema ni kwamba swali mtakalokabidhiwa siku ya kwanza aghalabu huwa limeandikwa na mtu wa ofisini ambaye hana nafasi ya kujua umeme na maji vinaishia wapi kiwandani.

Kundi letu liliombwa kubuni mpango wa kufunga paneli za jua juu ya paa la kiwanda cha vifungashio. Tulifurahi, kwa kuwa hesabu za paneli tulikuwa tumezifundishwa darasani, na kwa wiki mbili nzima kazi yetu ikawa kupima paa. Mwenzetu mmoja, ambaye maswali yake yalikuwa yakituudhi (nami nilikuwa miongoni mwa walioudhika), ndiye aliyeomba takwimu za mita za kila nusu saa badala ya kutegemea ankara ya mwezi. Hapo ndipo tulipoona kwamba Jumapili usiku, wakati hakuna kinachozalishwa, kiwanda kiliendelea kula karibu theluthi moja ya umeme wa mchana wa kazi.

Fundi wa zamu ya usiku hakushangaa hata kidogo. Alichukua chupa ya maji ya sabuni, akatuongoza hadi kwenye mabomba ya hewa iliyoshindiliwa, akawa ananyunyizia kiungo kimoja baada ya kingine, na mapovu yakaanza kufura mbele ya macho yetu. Kompresa, yaani mashine inayoshindilia hewa hiyo, ilikuwa ikinguruma usiku kucha ili kufidia hewa iliyokuwa ikivuja. Alikuwa amelisema jambo hilo mara nyingi, lakini hakuna aliyewahi kulipeleka kwa wenye bajeti likiwa na tarakimu. Baadaye nilijifunza kwamba hayo ni ya kawaida: mahali ambapo mabomba hayakaguliwi, uvujaji unaweza kupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayotolewa na kompresa.

Ombeni basi takwimu ghafi tangu wiki ya kwanza, kwa maandishi, mkitaja kipindi na vipimo mnavyovitaka, kwa sababu ombi la jumla huletewa jedwali la jumla. Mkishazipata, ziulizeni maswali magumu zaidi kuliko mnavyomuuliza mwenyeji wenu. Chukueni mfano wa gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia. Mwongozo wa Greenhouse Gas Protocol, ambao toleo lake la kwanza kwa kampuni lilitoka mwaka 2001, unagawa utoaji wa gesi hizo katika mafungu matatu: gesi inayotoka katika vyombo na mitambo ya kampuni yenyewe, ile inayotokana na nishati inayonunuliwa kama vile umeme, na ile ya mnyororo mzima wa ugavi na matumizi, yenye vipengele 15. Kampuni ikiwaambia kwamba imepunguza utoaji wake kwa nusu, ulizeni ni fungu lipi na ni mwaka gani uliofanywa kuwa msingi wa ulinganisho. Iliyouza malori yake na kuanza kukodi ya mkandarasi imehamisha moshi kutoka fungu la kwanza kwenda la tatu, na lita ya dizeli ikiungua bado inatoa takribani kilo 2.7 za kaboni dioksidi, lori liwe la nani.

Kwa maoni yangu, kupamba jalada la ripoti kwa nembo za Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yaliyopitishwa mwaka 2015 hakuongezi chochote. Ni afadhali kuchagua shabaha moja tu kati ya zile 169 zilizo chini ya malengo hayo, ambayo kipimo chake mnacho mkononi.

Mkataba wa usiri usomeni pamoja na mhadhiri wenu kabla ya kutia saini, hasa kifungu kinachoeleza kama mtaruhusiwa kutumia takwimu katika tasnifu. Ulizeni pia bajeti ya mwaka ujao inafungwa lini, kwani pendekezo zuri linalofika baada ya hapo litasubiri mwaka mzima, na wakati huo ninyi mtakuwa mmekwisha kuondoka.

Sisi ripoti yetu ilikuwa na kurasa zaidi ya sitini, na sina hakika kama kuna aliyeisoma yote. Kilichotumika ni karatasi moja tuliyoiandaa na yule fundi na kuibandika kwenye mlango wa chumba cha kompresa, yenye mchoro wa mabomba, viungo vilivyotiwa alama nyekundu, na safu tupu ya kuandikia tarehe ya kila ukaguzi.