Mnaoanza kumsoma Togo, msianzie Tsushima

Wadogo zangu, nimesahihisha rundo jingine la insha kuhusu Admirali Togo Heihachiro wa Japani, na karibu zote zinaanzia palepale, kwenye vita vya baharini vya Tsushima dhidi ya Urusi: 27 Mei 1905, Togo yuko juu ya Mikasa, meli yake ya uongozi, anageuza safu yake mbele ya mizinga ya Warusi. Baada ya hapo ni sifa tupu hadi ukurasa wa mwisho. Nawapenda, lakini hili limenichosha.

1. Angalieni kalenda. Warusi walikuwa nyuma kwa siku 13, kwa hiyo ukikuta Tsushima imeandikwa 14 Mei, usikimbilie kusema vyanzo vinapingana.

2. Togo ni jina la ukoo. Togo Shigenori, waziri wa mambo ya nje wa 1941, ni mtu mwingine kabisa.

3. Kaeni na 10 Agosti 1904 mpaka iwaume. Siku hiyo Vitgeft, admirali wa Urusi, alitoka Port Arthur, bandari ya Warusi huko China iliyokuwa imezingirwa, na manowari kubwa sita, akielekea Vladivostok, bandari nyingine ya Urusi. Togo alibaki na nne. Hatsuse na Yashima zilikuwa zimelipuliwa na mabomu ya kutegwa baharini mwezi Mei, zote mbili siku moja, na Japani haikuwa na nyingine za kuziba pengo. Basi akapigana kwa mbali, kwa tahadhari, akihofia zaidi Warusi wasimponyoke wakarudi bandarini. Vitgeft hakutaka kurudi. Akapenya, akashika njia yake, na Togo akajikuta yuko nyuma, anafukuza. Alasiri nzima ikaliwa na mbio hizo. Alipowakaribia tena ilikuwa yapata saa 11 na nusu jioni, jua linaaga, na Mikasa ndiyo iliyokuwa ikipigwa zaidi. Kisha kombora likaangukia Tsesarevich, meli ya Vitgeft, yeye akafa, usukani ukakwama, meli ikaanza kuzunguka na safu yote ikavurugika. Wengi wakarudi Port Arthur. Hakuna manowari kubwa hata moja iliyozama. Kombora lile lingekosea kidogo, giza lingewaokoa Warusi.

Sasa rudini Tsushima. Ule mgeuko wa mita 8,000 hivi mnaouita ujasiri, mimi nauona ni wa mtu aliyeapa kutoachwa nyuma tena, hata kama itambidi apigwe kwa dakika kadhaa bila kujibu ipasavyo.

4. Mkifika Kowshing, meli ya Uingereza iliyobeba askari wa China ambayo Togo aliizamisha 1894, someni hoja za wanasheria wa Uingereza, Holland na Westlake, kabla ya kumhukumu.

5. Msiiruke Nosy Be, kisiwa cha Madagaska. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna kisingizio; ni jirani. Rozhestvensky, admirali wa Urusi aliyekuja kupigana na Togo pale Tsushima, alikwama huko hadi Machi 1905, mabaharia wakiugua kwa joto, habari za kuanguka kwa Port Arthur zikiwafikia hukohuko. Wakati huohuo Togo alikuwa ametengeneza meli zake na wapiga mizinga wake wanafanya mazoezi Korea. Wekeni ratiba ya Rozhestvensky na ya Togo sambamba, wiki kwa wiki, ndipo mwanze kuandika.