Kwa wanaotaka kufufua nyimbo za zamani kijijini kwao: anzeni na jembe, simu baadae

Kila mara kuna kijana ananipigia, ooh kaka nataka kwenda kwetu kukusanya nyimbo za wazee, nianzie wapi, na ukimsikiliza vizuri unakuta kichwani tayari ana jukwaa, sare za kitenge na mgeni rasmi. Mi nilianza hivohivo nikapoteza kama mwaka mzima.

Kwetu ni Old Moshi, juu mlimani Kilimanjaro. Vijana wengi wako Dar, kahawa watu wameing'oa, na mfongo wetu wa maji ulikuwa umeziba miaka, kila nyumba inahangaika na mpira wake wa maji. Nikaenda kwa babu mmoja ambaye ndo alikuwa anaongoza nyimbo za kuzibua mfongo enzi hizo, nikamkalisha kwenye kiti, simu mezani. Akaimba mstari mmoja akanyamaza. Nikamwambia endelea Meku, akasema "mjukuu wangu, huu wimbo hauimbwi umekaa." Nikajua ananizungusha anataka hela, nikatoa elfu tano, akaikunja akaweka mfukoni na bado hakuimba, haha.

Kwa wasiojua, mfongo ni mfereji wa kuchimba kwa mikono, unatoa maji mtoni huko juu unayaleta vihambani, yani mashamba ya nyumbani, na Uchaggani ilikuwepo kabla Mjerumani hajafika. Pembe ikipulizwa kila nyumba inatoa mtu, asiyetokea anapigwa faini, mara nyingi mbege, pombe yetu ya ndizi. Wimbo ndo ulikuwa unapanga majembe, mmoja anatupa mstari, wengine wanaitikia jembe linaposhuka. Sasa mfongo umekufa, huo wimbo ulitaka uimbwe wapi?

Basi tukaacha kurekodi tukaitisha kazi. Siku ya kwanza tulitokea tisa, na wawili kati yetu walikuja kuangalia tu. Babu akaja na fimbo yake akasimama ukingoni, akatuona tunavyochimba hovyo kila mtu na lake, akakasirika kabisa, akaanza kuimba. Simu yangu iko nyumbani inachaji.

Mengine haraka haraka. Msitangulize posho, ukishalipa mara moja basi siku huna hela huna waimbaji, mbege na nyama ya kuchoma inatosha na ndo desturi yenyewe. Desemba kijiji kinajaa, watu wanarudi kula Krismasi, hapo ndo unapata mashangazi wanaokumbuka beti ambazo babu kasahau, ila usiwafuate siku ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, hakuna atakayekusikiliza. Wazee wa kanisa wengine wataona aibu kwasababu waliambiwa utotoni hizo ni ngoma za kipagani, hao wakumbusheni kwamba Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyekaa hapahapa Old Moshi, aliandika mafundisho ya jadi ya Wachagga vitabu na vitabu. Na maneno msiyasahihishe jamani, Kichagga sio kimoja, Kimachame sio Kivunjo na Kirombo ni habari nyingine kabisa, neno usilolielewa liandike linavyosikika. Kuna nyimbo za jando ambazo wazee watakwambia hizi hapana, ukiambiwa hapana funga daftari.

Kuhusu kurekodi, upepo wa mlimani unaua sauti, mi navalisha maiki soksi safi. Hamisha faili siku hiyohiyo kwenye flashi mbili, moja ikae kwa mtu mwingine. Na zima mtandao wa simu kabla hujabonyeza rekodi, hili nalisema kwa uchungu, maana siku bibi mmoja ametuimbia wimbo mzima wa kubeba majani ya ng'ombe, katikati ikaingia simu, rekodi ikakata, sikujua mpaka jioni. Aliyepiga alikuwa amekosea namba. Niliporudi wiki iliyofuata bibi akaimba tena lakini ubeti wa tatu haukuja, akacheka tu akasema umeenda. Sasaivi kikundi kikifika hapo wanaguna kwa sauti yake bila maneno, halafu wanaingia wa nne.