Skripti ya kuokoa watoto vitani: anza na makaratasi, treni baadaye

Msomaji mmoja aliyeipenda One Life, filamu ya James Hawes ya mwaka 2023 ambamo Anthony Hopkins anamwigiza Nicholas Winton, Mwingereza aliyesaidia kuwaokoa watoto hao, ameandika skripti yake juu ya watoto wa Kiyahudi waliotolewa Prague, mji mkuu wa Czechoslovakia, mwaka 1939. Anauliza kwa nini haimshiki mtu. Sababu iko ukurasa wa kwanza: treni tayari inaondoka.

Treni ni matokeo. Mvutano uko mezani. Ili mtoto aingie Uingereza alihitaji kibali, cheti cha daktari, familia ya kumlea, na dhamana ya pauni 50 kwa ajili ya safari ya kumrudisha kwao. Kimoja kikikosekana, haendi. Winton alikuwa dalali katika soko la hisa la London. Mchana yuko kazini, jioni anaandika barua akisaidiwa na mama yake, Barbara. Walipanga picha za watoto kadhaa kwenye kadi moja, wakaipeleka kwa walezi wachague. Simama hapo. Onyesha kidole cha mama wa Kiingereza kikipita juu ya nyuso hizo, kinasita, kinaendelea. Dakika moja ya namna hiyo inatosha. Ile hotuba ndefu ya Winton katika skripti yako ifute.

Halafu mwondoe Winton stesheni ya Prague. Alikaa Prague wiki chache tu, kuanzia mwishoni mwa Desemba 1938, kisha akarudi London. Kazi ya Prague iliendeshwa na wengine, wakiwemo Doreen Warriner na Trevor Chadwick, ambaye aliendelea nayo hata Wajerumani walipoingia mjini tarehe 15 Machi 1939. Ukimpa Winton kila kitu, unawadhulumu hao, tena unapoteza mgongano mzuri: wa London anaisubiri wizara itoe vibali, wa Prague hana muda wa kusubiri.

Kosa linaloharibu skripti nyingi za aina hii ni wahusika kujua yajayo. Chora safu mbili, tarehe na kile mhusika anachokijua siku hiyo. Septemba 1938, inakubaliwa kwamba Sudetenland, eneo la mpakani la Czechoslovakia, ikabidhiwe kwa Hitler. Novemba 1938, masinagogi yanachomwa Ujerumani. Auschwitz, kambi ya Wanazi ambamo Wayahudi waliuawa kwa gesi, ilifunguliwa 1940, kwa hiyo Januari 1939 hakuna mama anayeweza kutaja vyumba vya gesi. Anaogopa mumewe kukamatwa, anaogopa kufukuzwa nyumbani. Wazazi wengi waliwaambia watoto kwamba wataonana tena karibuni. Basi mwache mama azungumzie soksi, na adabu mezani kwa watu.

Lugha nayo uiheshimu. Watoto walisema Kicheki au Kijerumani. Walivuka Ujerumani na Uholanzi, wakapanda meli hadi bandari ya Harwich, Uingereza, kisha treni hadi stesheni ya Liverpool Street, London. Mtoto anayefika akaanza kujibizana na mlezi wake kwa Kiingereza fasaha anaua onyesho zima.

Treni ya mwisho ilipangwa kuondoka tarehe 1 Septemba 1939 ikiwa na watoto wapatao 250. Siku hiyo Ujerumani iliivamia Poland, na treni haikuondoka. Wengi wa watoto hao waliuawa baadaye. Usiweke muziki hapa. Idadi ya waliookolewa, 669, itokee kwenye skrini kabla ya onyesho hili. Ukiiweka baada yake, mtazamaji atatoka akiwahesabu waliopona tu.