Pesa ya nyota ina mwenyewe

Juzi kijana mmoja wa Magu kaniandikia: "Shikamoo dada. Nchi gani inalipia watu kusoma nyota?" Marahaba mdogo wangu. Swali hilohilo limenitesa miaka mitatu.

Nilisikia kuna mpango wa Waingereza na Afrika Kusini wa kufundisha vijana wa Kiafrika elimu ya darubini za redio, zile zinazonasa mawimbi ya redio kutoka angani. Nikasema hii yangu. Mjomba mwenye mtumbwi wa dagaa akanikopesha hela ya wakili, vyeti vikagongwa mihuri, barua nikaiandika mpaka alfajiri. Jibu lilikuja mistari miwili: mpango ni wa nchi nane, Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Kumbe iliandikwa ukurasa wa pili, mimi niliishia wa kwanza. Kenya imo, Tanzania hatumo! Ziwa tunachota lilelile.

Nikaenda ofisi moja hapa mjini kuuliza kama kuna fungu la hapa nyumbani. Mzee wa mezani akanisikiliza vizuri, kisha akanyoosha kiganja nimsomee nyota yake. Wenzake wakacheka. Mpaka leo nikipita mtaa ule navuka barabara.

Basi nikaanza kusoma nani anatoa pesa, na kwa nini. Ulaya, nchi 16 zinachangishana kama wanakikoba, kila moja kwa kadiri ya pato lake, wakajenga darubini zao Chile. Marekani, kila baada ya miaka kumi wanasayansi wanakaa kupanga kipi kianze, ndipo orodha inakwenda kwa wenye bajeti. Darubini ya Hubble, ile inayozunguka dunia huko juu, mtu yeyote duniani anaweza kuomba muda wa kuitumia, hata wewe wa Magu, ila ruzuku inayofuatana na muda huo ni ya walioko Marekani. Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 kulinda maeneo yake ya kutazamia nyota, na 2018 ikazindua MeerKAT, darubini ya redio yenye sahani 64 kule nyika ya Karoo. Ukishatumia pesa kiasi hicho lazima utafute vichwa vya kuitumia mitambo. Hapo ndipo nilipopenyea.

Ndiyo, nimepata! Shahada ya uzamili, Afrika Kusini, naondoka Januari. Na yule mzee mwambieni.

Kwa hiyo soma masharti. Ukimaliza, soma tena, hasa ukurasa wa pili. Vijana wa siku hizi mnaona neno "ufadhili" mnakimbilia kwa wakili, mihuri mnagonga, masharti hamjafungua. Soma masharti jamani!

Deni la mjomba bado. Anasema tutaongea mbalamwezi ikiisha, maana dagaa wanavuliwa gizani. Na mimi giza hilohilo nalisubiri nipande mwambani na kidarubini changu. Shida ni taa zake za sola: akiziwasha, nyota za chini upande wa ziwa sizioni hata moja.